Lini upande mbegu? Namna ya kusoma mvua ya eneo lako Tanzania

Mkulima wa Muheza, Tanga, akipanda Machi yuko sawa. Wa Dodoma akipanda Machi amekula hasara, maana mvua zake zinaelekea ukingoni. Kabla ya kununua mbegu, jua kwanza uko upande gani.

Upande wa mvua mbili ni pwani ya kaskazini (Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, pamoja na kaskazini mwa Morogoro), nyanda za juu kaskazini mashariki (Kilimanjaro, Arusha, Manyara) na ukanda wa Ziwa Viktoria. Huko kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kusini mwa Kigoma, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe, Iringa, Ruvuma, Lindi, Mtwara, Dodoma, Singida na kusini mwa Morogoro wana mvua moja, ile Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inayoiita mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Chanzo ni ukanda wa mvua unaofuata jua. Kaskazini unapita mara mbili kwa mwaka. Kusini na katikati ya nchi unafika na kukaa, kisha unarudi. Angalia Morogoro: mkoa mmoja, kalenda mbili. Kwa hiyo usiulize mkoa, uliza wilaya.

Hata ndani ya wilaya mlima unabadili kila kitu. Pepo kutoka baharini zikigonga milima ya Usambara, Amani inaloa, na Mombo, iliyo upande wa pili chini ya mlima, inabaki na mikatani na joto. Same vilevile imekingwa na milima ya Pare. Halafu kuna joto: kila ukipanda mita 1,000, hesabu limepungua nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mbegu ya mahindi inayokomaa haraka Kilosa huchelewa wiki nyingi Njombe, na siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbegu hazina maana mpaka ujue shamba liko kwenye mwinuko gani. Kitulo na sehemu za Njombe, Juni na Julai, ongeza hatari ya sakitu (umande unaoganda kuwa barafu) inayounguza viazi usiku mmoja.

Utabiri wa TMA wa vuli hutoka mwishoni mwa Agosti, wa msimu karibu Oktoba, wa masika Januari au Februari. Watu wengi husoma neno moja tu, "wastani" au "chini ya wastani", wakaishia hapo. Yanayokuhusu zaidi ni matatu: wiki ya mvua kuanza, wiki ya kuisha, na mtawanyiko. Milimita 300 zikinyesha kwa mafungu mawili na ukame wa wiki tatu katikati, mahindi yanakufa ingawa jumla ni nzuri. Na El Niño (Bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida) isikutie kiwewe: kawaida huongeza vuli upande wa mvua mbili, lakini uhusiano wake na masika ni dhaifu. La Niña, kinyume chake, ndiyo ya kuogopa wakati wa vuli. Mwaka 2022 vuli ilipokuwa dhaifu, mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji.

Sasa utabiri ni wa kanda, shamba ni lako. Lazima upime.

Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 iliyo wima, isiyobonyea ovyo. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kupinda kuelekea shingoni, igeuze kichwa chini uitumbukize ndani ya chupa kama faneli, kisha uzungushie utepe wa gundi (selotepu) ukingoni. Funga chupa kwenye nguzo ya mita moja. Mdomo wa chupa, yaani ukingo ulioukata, uwe juu zaidi ya ncha ya nguzo, nayo ncha uichonge mshazari, la sivyo matone yataruka kutoka kwenye mti na kuingia chupani. Nguzo ikae mbali na kizuizi chochote angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho: mwembe wa mita 8, nguzo isimame mita 16.

Usipime kwa rula. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo kimo cha maji kinadanganya. Pima kipenyo cha mdomo kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.0785. Jibu ni mililita zinazolingana na milimita moja ya mvua. Chupa yenye mdomo wa sentimita 9 inatoa 81 × 0.0785, yaani 6.4. Nyonya maji kwa bomba la sindano la mililita 20, lile la duka la dawa, bila sindano yake. Ukipata mililita 32, gawanya kwa 6.4: mvua ilikuwa milimita 5. Soma kila siku saa 3 asubuhi, hata kama hakukunyesha, na andika sifuri. Daftari lisilo na sifuri halikuambii kama ilikuwa siku kavu au ulisahau. Kila wiki angalia mdomo wa chupa: ukibanwa na kamba ukawa yai, hesabu imeharibika.

Kigezo kinachotumika sana ni hiki: mvua imeanza kama siku 3 zimeleta jumla ya milimita 20 au zaidi, na siku 30 zinazofuata hazina ukame wa siku 10 mfululizo. Tatizo unaliona: nusu ya pili huijui siku unayopanda. Ndipo mvua ya Oktoba inapowaumiza watu wa pwani na Morogoro. Inanyesha usiku mmoja milimita 25, mbegu inaota, jua linawaka wiki mbili, na mkulima anarudi dukani kununua mbegu ya kurudishia.

Basi ongeza jembe. Chimba sentimita 15 hadi 20, kamata udongo wa chini, ufinye. Ukishikamana donge lisilovunjika mara moja, panda. Ukiwa mkavu chini ya tabaka lenye unyevu, subiri mvua nyingine hata kama milimita 20 zimetimia, hasa kwenye mfinyanzi ambao maji hayashuki haraka. Kwenye kichanga udongo wa chini huloa mapema, lakini unyevu nao huondoka mapema. Fukia mahindi sentimita 5, maana mbegu ya juujuu ndiyo inayoota kwa mvua ya uongo.

Kisha hesabu siku za mbele. Mahindi hutaka maji zaidi wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa mbelewele. Kwa mbegu ya siku 90 hadi 100 maeneo ya joto, mbelewele hutoka siku ya 50 hadi 55 hivi. Angalia siku hizo zitaangukia wapi. Dodoma na Singida, ukipanda mapema Desemba zinaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, wakati mvua huwa na kawaida ya kukatika. Hapo mtama au uwele ni chaguo la akili kuliko mahindi, wala tusidanganyane na bei ya sokoni.

Tahadhari za TMA za siku tano nazo zina kazi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, na mvua kubwa maana yake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Ukiona angalizo hilo eneo lako, usiweke mbolea ya kukuzia siku hiyo. Urea itaondoka na maji kabla mahindi hayajaionja. Ngoja siku mbili, soma chupa yako ya mvua, kisha uweke udongo ukiwa bado na unyevu.