ESP32 inakataa kupokea programu kwenye Linux? Anza na ruhusa za poti

Umechomeka bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kielektroniki unayoipakia programu kwa kebo ya USB), umeagiza programu ipakiwe, na terminali inakujibu hivi:

`could not open port /dev/ttyUSB0: Permission denied`

Usiguse msimbo wako, wala usiitupe bodi. Tatizo liko kwenye kompyuta, na kulitatua hakuchukui dakika tano.

1. Soma kosa lenyewe

`Permission denied` maana yake poti ipo, ila wewe hujaruhusiwa kuifungua. Ukiona `No such file or directory`, poti yenyewe haipo: badilisha kebo kwanza, maana kebo nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Na `Device or resource busy` husema kuna programu nyingine imeishika poti, mara nyingi ni dirisha la kusomea siriali uliloliacha wazi.

2. Tazama mwenye poti

`ls -l /dev/ttyUSB0`

Kwenye Ubuntu au Debian utapata kitu kama hiki:

`crw-rw---- 1 root dialout 188, 0 ... /dev/ttyUSB0`

Soma zile herufi za mwanzo polepole. `rw` (kusoma na kuandika) ya kwanza ni ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ya pili ni ya kundi la `dialout`, na vistari vitatu vya mwisho ndivyo vyako: huna kusoma wala kuandika. Jina hilo la dialout limebaki tangu enzi za modemu za simu. Kwenye Arch kundi huitwa `uucp`, kwa hiyo fuata jina unaloliona kwako. Arduino Uno halisi hujitokeza kama `ttyACM0`, lakini utaratibu ni uleule.

3. Jiunge na kundi

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Hiyo herufi `a` usiiache hata kidogo. Bila `a`, amri hukuondoa kwenye makundi yako mengine yote ya ziada, `sudo` ikiwemo. Niliwahi kuisahau nikiwa kwenye laptopu ya mwanafunzi, akapoteza uwezo wa kuwa msimamizi wa mashine yake mwenyewe. Ilibidi tuiwashe kwa hali ya uokoaji ili kumrudisha. Tangu siku hiyo naisoma amri hii mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

4. Toka, uingie upya

Hapa ndipo wengi hukwama. Makundi husomwa unapoingia kwenye akaunti, hivyo kufunga terminali na kufungua nyingine hakutoshi. Toka kwenye akaunti kabisa, ingia tena, kisha andika `groups`. Kama `dialout` haimo, washa kompyuta upya.

Utaambiwa na watu utumie `sudo chmod 666 /dev/ttyUSB0`, inayomruhusu kila mtu kuisoma na kuiandikia poti. Itafanya kazi mpaka uchomoe kebo; ukichomeka tena, faili la poti linaundwa upya na ruhusa zake za awali zinarudi. Kupakia kwa `sudo` nakukataza kabisa: mafaili ya mradi yanaweza kuwa mali ya root, na kesho utashindwa kuyahariri.

5. Poti ikitokea na kutoweka

Hili ni la bodi zenye chipu ya CH340, inayounganisha bodi na USB, hasa kwenye Ubuntu 22.04. Endesha `sudo dmesg -w`, kisha chomeka bodi. Ukiona `ttyUSB0` imeunganishwa na papo hapo imekatwa, huku jina `brltty` likitajwa, umempata mhusika. Hiyo ni programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya Braille, nayo huidhania namba ya CH340, `1a86:7523`, kuwa kifaa chake. Ikiwa hakuna mtu anayetumia Braille kwenye kompyuta hiyo, iondoe:

`sudo apt remove brltty`

Kama yupo, usiiondoe. Ni macho yake hayo. Tumia bodi yenye chipu nyingine ambayo `brltty` haiidhanii kuwa kifaa chake.

6. Pakia tena

Safari hii utaona `Connecting....` Nukta zikiendelea bila mwisho, suala la ruhusa limeshakwisha na poti imefunguka. Bonyeza kitufe cha BOOT kwenye bodi, kishikilie mpaka uandishi uanze, kisha kiachie.