Namna ya Kuandaa Habari za Sauti, Picha na Video Kuhusu Maisha ya Kila Siku Vitani

Habari nyingi za vita huanza na mlipuko na kuishia na idadi ya waliokufa, ilhali kati ya mlipuko mmoja na mwingine watu hupika, hufua, hufundisha watoto na kugombania zamu ya kuchota maji. Ukitaka kuyaonyesha maisha hayo, chagua kazi moja tu ya nyumbani uifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua hiyo ya kuchota maji: ni nani anayeamka, anaamka saa ngapi, anabeba madumu mangapi, anapita njia ipi, na kwa nini ameiacha ile iliyo fupi. Kazi moja ikifuatwa kwa subira itakufunulia bei, hofu, ujirani na nani hasa mwenye amri mtaani, mambo ambayo swali la "unajisikiaje?" haliyafikii.

Anza na sauti, kabla hujatoa kamera. Mimi naamini sauti ndiyo shahidi mkuu wa maisha ya vitani, kwa sababu wakazi wenyewe huishi kwa masikio: wengi hujifunza kutofautisha kombora linalorushwa kutoka upande wao na lile linalowajia, na hupanga siku yao kwa kufuata mlio wa jenereta, mvumo wa droni au ukimya usio wa kawaida. Rekodi faili za WAV (sauti isiyobanwa) kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, na upange kiwango ili mazungumzo ya kawaida yasivuke desibeli −12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, ambapo sifuri ndiyo kikomo, mshindo wa ghafla usije ukaharibu rekodi. Mahojiano yakiisha, acha kinasa sauti kiendelee kwa dakika nzima mkiwa kimya, kwani utaihitaji sauti hiyo ya chumba utakapounganisha vipande. Wala usikizime mtu anaporudi kwenye shughuli zake. Mama anafua; maji yanachapa kwenye beseni, kisha yananyamaza ghafla, anasikiliza kwa sekunde nne hivi, halafu maji yanaanza kuchapa tena bila yeye kusema neno. Sekunde hizo nne usizikate.

Picha na video zigawane kazi. Video ibebe mwendo, kwa hiyo shikilia kila kipande unachopiga kwa sekunde 10 bila kutikisa kamera, kwa mbali, kwa kati na kwa karibu; picha mnato ibebe vitu na mikono, kama vile dirisha lililobandikwa utepe wa gundi ili vioo visirukie watu. Maandishi yaeleze yale yasiyoonekana, yaani tarehe, sababu na historia ya mahali.

Jambo zito kuliko yote ni usalama wa aliyekufungulia mlango. Tarehe 27 Mei 1992, Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ikiwa imezingirwa, foleni ya mkate ilishambuliwa na watu zaidi ya 20 wakauawa. Foleni, kisima na darasa la chini ya ardhi ni mahali ambapo watu hukusanyika kwa saa zinazojulikana, na picha yako inaweza kumwelekeza anayetafuta pa kupiga. Kwa hiyo chelewesha kuchapisha mpaka ratiba au mahali pabadilike, futa taarifa za GPS, yaani za mahali ulipopigia picha, zinazojificha ndani ya faili, na ukague kilichoonekana dirishani, kwa kuwa mnara mmoja tu huweza kuutaja mtaa mzima. Idhini nayo iombwe mara mbili, siku ya kurekodi na tena kabla ya kuchapisha, ukimweleza mhusika waziwazi kwamba picha ikishaingia kwenye intaneti hairudishiki, na kwamba upande unaotawala mtaa wake leo huenda usiwe huo kesho. Mtoto hawezi kuyapima hayo. Mzazi akikubali huku wewe una shaka, ifuate shaka yako.

Wewe mwenyewe unalindwa, kwa maandishi, na Kifungu cha 79 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, kinachomhesabu mwanahabari kuwa raia ilmradi hafanyi jambo linalokwenda kinyume na hadhi hiyo. Basi usibebe silaha wala usivae mavazi yanayofanana na ya askari. Maandishi hayazuii kombora. Wanahabari Marie Colvin na Rémi Ochlik waliuawa Homs, Syria, tarehe 22 Februari 2012, na mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Colvin alilengwa kwa makusudi. Usirushe matangazo ya moja kwa moja kutoka mahali unapolala, kabla ya safari jifunze kuzuia damu inayovuja kwa nguvu, na weka nakala mbili za kazi zilizofungwa kwa nenosiri, kila moja mahali pake.

Wakati wa kuhariri, acha kazi uliyoifuata ndiyo ipange mfululizo, toka dumu tupu hadi dumu lililojaa. Usiongeze mlio wa risasi ambao haukusikika hapo, hata kama siku hiyo ilipita kimya. Kisha, ikiwa njia salama ipo, msikilizishe na umwonyeshe mhusika rekodi nzima, umuulize kama hiyo ndiyo siku yake.