Upige Simu au Uandike Ujumbe? Namna ya Kumfikia Mtu Bila Kumvamia

Simu inapoita bila taarifa, anayepigiwa ana kama nusu dakika ya kuamua: aache alichoshika apokee, au aiache iite mpaka ikatike. Ujumbe hauna sharti hilo. Unakaa pale mpaka mwenyewe apate nafasi. Anayepiga amechagua saa, anayeandika amemwachia mwenzake achague, na sehemu kubwa ya adabu ya simu inatokana na hapo. Kabla ya kubonyeza kitufe, jiulize kama jambo lako lina uzito wa kumchagulia mtu mwingine saa yake.

Yapo yenye uzito huo, na kwa hayo piga bila kusita: ajali, ugonjwa wa ghafla, mtoto aliyepotea, mlango uliofungwa mtu akiwa nje, miadi ambayo mmefika na hamwonani, jambo ambalo muda wake unaisha ndani ya saa moja. Piga pia pale mlipoandikiana mara tatu na bado kila mmoja anaelewa lake. Ujumbe wa nne hautasaidia. Mazungumzo ya dakika mbili yatasaidia.

Chochote mtu atakachohitaji kukitazama tena kiandikwe: namba, anwani, tarehe, kiasi cha fedha, majina yenye tahajia ngumu. Kwa sauti, mtandao ukiwa dhaifu, "sita" na "tisa" hubadilishana kwa urahisi, na anayesikiliza mara nyingi hana kalamu. Saa za miadi nazo ziandikwe kwa namna isiyo na njia mbili za kusomeka: "saa 9 alasiri, yaani 15:00". Ukiandika "saa 3" tupu kwa mtu anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane, atakusubiri saa sita baadaye au atakuwa ameshakukosa.

Kuomba nafasi kabla ya kupiga

Kwa jambo la kawaida linalohitaji mazungumzo, tanguliza ujumbe. Uwe na vitu vinne: wewe ni nani (kama namba yako haijahifadhiwa), jambo lenyewe, muda utakaotumia, na saa mbili za kuchagua. Mfano:

"Habari za mchana, Bi Rehema. Ni Salum wa idara ya hesabu. Naomba dakika kumi kwa simu kuhusu tarehe ya mkataba. Nikupigie saa 10 jioni leo au kesho saa 4 asubuhi?"

Kwa ndugu inatosha kufupisha: "Shikamoo shangazi. Nitakupigia jioni tupange safari ya Jumamosi. Huku wote wazima." Sentensi ile ya mwisho ina kazi yake. Mtu asiyezoea kupigiwa nawe akisikia kwamba una la kusema, moyo wake unakimbilia kwenye msiba.

Ndiyo maana "nipigie" peke yake, au "tunahitaji kuongea", ni ujumbe mbaya hata kama aliyeuandika hana ubaya wowote. Msomaji analijaza pengo kwa hofu zake, na pengine yuko kazini au njiani. Taja jambo, hata kwa maneno matatu.

Kosa la pili ni kutuma salamu tupu, "Mambo?", kisha kungoja ijibiwe ndipo useme shida. Salamu ni nzuri na isiachwe, lakini salamu na jambo visafiri pamoja. Vinginevyo unamfanya mtu akae na simu mkononi akisubiri usichokisema.

Akijibu "sawa, piga", piga ndani ya dakika tano. Zikipita kumi, uliza tena, kwa sababu nafasi aliyokupa imeshajaa kitu kingine. Na mkikubaliana saa 10, ni saa 10, maana mwenzako amejipanga kwa ajili yako.

Ukilazimika kupiga bila taarifa

1. Acha iite mara tano au sita, kama sekunde 25 hadi 30. Mtu anaweza kuwa chumba cha pili au mikono ina maji. Ukikata baada ya mwito mmoja au miwili, umemwachia namba bila maelezo.

2. Isipopokelewa, andika mara moja kwa nini ulipiga na kama anahitaji kukupigia: "Nilitaka kujua kama mlango wa nyuma una ufunguo mwingine. Jibu kwa ujumbe tu, hakuna haraka." Simu iliyokosa kupokelewa bila ujumbe inamwachia mwenzako kazi ya kukisia.

3. Usipige mara ya pili papo hapo. Watu wengi hawaijui sababu. Simu iliyowekwa kwenye hali ya Usinisumbue inaweza kuruhusu mwito wa pili wa namba ileile upite na kuita kwa sauti: kwenye iPhone ukipigwa ndani ya dakika 3, kwenye simu nyingi za Android ndani ya dakika 15. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya dharura. Kama unapiga mara mbili mfululizo kuulizia chaja, unamwamsha mtu aliyelala, na unamzoesha kupuuza mwito wa pili siku utakapokuwa wa kweli. Kila familia ingefaa ikubaliane wazi: simu mbili mfululizo maana yake ni dharura, na hazitumiki kwa lingine.

4. Akipokea, sema jina, jambo na muda, kisha uliza nafasi: "Habari, ni Salum. Nina swali moja la dakika mbili kuhusu mkataba. Unaweza kuongea sasa?" Usianze na "uko wapi?" wala "unafanya nini?" Hayo yanamlazimisha kujieleza kabla hajajua unataka nini. Usimtahini pia kwa "hunijui?" kama namba ni mpya.

5. Akisema anaendesha gari, maliza wewe. "Nitakuandikia, piga ukifika." Usiseme "ni neno moja tu."

6. Ukiweka spika, sema kabla ya neno lingine lolote, na utaje waliopo. Mtu ana haki ya kujua masikio mangapi yanamsikiliza.

7. Simu ikikatika, aliyepiga ndiye anayerudia. Aliyepigiwa aiache laini wazi kama dakika moja. Wote wawili mkipigiana kwa wakati mmoja, kila mmoja atakuta mwenzake anatumika.

Kubipu ili mwingine abebe gharama ni sawa tu pale mlipokubaliana tangu mwanzo. Simu ya video isipigwe kamwe bila kuuliza, hata kwa rafiki wa karibu. Sauti inaweza kupokelewa kitandani au jikoni, lakini picha inamwonyesha mtu alivyo, chumba chake, na wengine waliomo ambao hawakuombwa ridhaa.

Ujumbe unaojitosheleza

Andika ujumbe mmoja mzima badala ya vipande vitano. Kila kipande kinaita au kutetemesha simu, na anayesoma cha kwanza hajui kama umemaliza. Swali liwe kwenye mstari wake, mwishoni. Yakiwa mawili, yape namba, la sivyo litajibiwa la mwisho tu. Kama jibu lina muda, utaje: "Naomba unijibu kabla ya kesho mchana, nisiposikia nitaagiza ule wa buluu."

Kwa meseji za kawaida za simu kuna hesabu ya kujua. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, mfumo hubadili namna ya kusimba, yaani ya kugeuza herufi kuwa tarakimu, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi, ujumbe hukatwa vipande na kuunganishwa tena upande wa pili, na mara nyingi kila kipande hutozwa kama ujumbe kamili. Faida ya meseji ni kwamba hupita kwenye njia ya mtandao inayotumika kupanga miito, tena kituo cha ujumbe huihifadhi na kuipeleka simu ikiwashwa. Kwa hiyo mtandao ukiwa hafifu kiasi cha kukata simu, meseji inaweza kufika. Ila haitoi ahadi ya saa ya kufika. Kwa dharura andika na uendelee kupiga.

Kwenye WhatsApp, tiki moja ni kwamba umetuma, mbili ni kwamba umefika kwenye simu yake, na za buluu ni kwamba umefunguliwa. Tiki za buluu si ahadi ya kujibu. Mtu anaweza kuwa ameusoma foleni na anataka kutulia kwanza. Na wengi wamezizima, hivyo kukosa buluu hakuthibitishi kwamba hajasoma. "Naona umesoma" ni sentensi inayoharibu uhusiano kwa faida ndogo sana. Kama kujibiwa kumechelewa na jambo linakuhusu kweli, subiri siku moja, kisha kumbusha kwa kurudia jambo lenyewe, bila lawama. Ukikosea, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Kosa likiwa la tarehe au kiasi cha fedha, usihariri kimyakimya: tuma sahihisho jipya, maana huenda ameshalisoma la kwanza.

Ujumbe wa sauti unapendeza kwa hadithi, pole, au maelezo marefu kwa mtu mnayezoeana. Uwe chini ya dakika moja, na utangulize mstari wa maandishi unaosema unahusu nini, kwa sababu anayepokea huenda yuko mahali ambapo hawezi kusikiliza. Usiweke humo namba wala anwani.

Usiku ni sehemu ya adabu hii pia. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, kwa saa za mahali alipo yeye, yapite ya lazima tu. Aliye nchi nyingine angaliwe saa yake kwanza. Kuambiwa "si angeizima simu" hakutoshi, maana wengi huiacha ikiwa wazi kwa ajili ya mzazi mgonjwa au mtoto aliye safarini. Programu nyingi za ujumbe zina nafasi ya kupanga muda wa kutuma. Itumie.

Habari nzito

Kifo, ugonjwa mkubwa, kuvunjika kwa uchumba: kwa wale wa karibu kabisa, piga. Hapa "uko wapi, uko na mtu?" ndilo swali la kwanza linalofaa, kwa sababu asipokee habari hiyo akiwa kwenye usukani au peke yake barabarani. Kisha sema kwa neno lililo wazi, "amefariki", bila kuzunguka. Mzunguko humfanya asikilize akitafuta tumaini. Nyamaza umwache alie. Usiliandike kwenye kundi lolote mpaka wa karibu wote wamepigiwa.

Anayetoa pole afanye kinyume. Mfiwa anapokea simu nyingi na amechoka. Mwandikie, na uongeze "huna haja ya kujibu". Piga baada ya siku kadhaa, wengine watakapokuwa wamenyamaza.

Ugomvi ukianza kwenye maandishi, acha baada ya majibu mawili makali na uombe kuongea. Sauti hubeba upole ambao herufi zinaupoteza. Mkishakubaliana kwa simu, andika mistari mitatu ya mlichokubaliana umtumie, hasa kama kuna fedha.

Kwa anayepokea

Hulazimiki kupokea kila mwito, lakini usiuache bila jibu siku nzima. Simu nyingi zinakuruhusu kukata kwa ujumbe ulioandaliwa. Badilisha maneno yake mapema yawe: "Siwezi kuongea sasa. Kama ni dharura, nipigie tena." Na waambie watu unavyopenda kufikiwa. Asiyesikia vizuri au mwenye kigugumizi huenda ujumbe ndio mlango wake pekee. Mwenye macho dhaifu au asiyesoma, simu ndiyo njia yake. Kanuni zote za juu zinakaa chini ya hilo.

Namba usiyoijua ikidai ni ndugu aliyepatwa na shida, au ni ofisi inayotaka namba ya siri uliyotumiwa, kata simu. Sauti siku hizi huigwa kwa kompyuta. Mpigie mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au ofisi kwa namba iliyo kwenye nyaraka zake. Nawe ukibadili namba, watangazie watu ukiwa bado na ile ya zamani, ili tangazo litoke kwenye namba wanayoiamini.