Ukifuata mzigo China usirudi Mwanza umeona magodauni tu: namna ya kutembea Guangzhou, Xi'an na Beijing

Ndugu zangu tunaofuata mzigo China, nimeandika hii kwa sababu kila nikikaa na wenzangu pale Makoroboi, sokoni kwetu Mwanza, nikiwauliza umeona nini kule, jibu ni Xiaobei (mtaa wa Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika), hoteli, magodauni, basi. Mtu ana safari nne na hajaona kitu zaidi ya mabegi na viatu, inaniuma kwa kweli, maana nauli umeshalipa, viza unayo, na kiwandani wakishapokea advansi wanakwambia subiri siku tano, na hizo siku tano watu wanalala hotelini!

Maandalizi yafanye ukiwa bado huku. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule, hivyo pakua mapema Alipay, programu ya kulipia kwa simu, unganisha na kadi yako ya benki, hakikisha imekubali kabla hujapanda ndege, kwa sababu malipo karibu yote ni ya kuskani kwa simu. Pakua na programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila bando. Jina la hoteli na la kila unakokwenda liwe kwenye simu kwa herufi za Kichina, umwonyeshe dereva asome mwenyewe. Pasipoti tembea nayo yenyewe, siyo kopi, maana tiketi za treni na viingilio vingi vinaenda kwa namba ya pasipoti.

Guangzhou anza na metro laini namba 1, nauli inaanzia yuan 2. Shuka Ximenkou ukaone msikiti wa Huaisheng, ni kati ya misikiti ya zamani kabisa China nzima, mnara wake ni mweupe wa duara, na ndugu Waislamu mtapata na swala. Stesheni inayofuata ndio nyumba ya ukoo wa Chen, ilikamilika 1894, pale usiangalie chini, inua macho kwenye paa, mgongo wote wa paa umejaa vijitu vya udongo vilivyopakwa rangi, wapanda farasi, wazee wa ndevu, wanawake, nilisimama mpaka shingo ikauma. Halafu nenda kanisa la mawe, kanisa katoliki lililoanza kujengwa 1863 likamalizika 1888, lote jiwe la granite, sisi tuliokulia kwenye mawe tunajua kulipasua ni kazi gani. Barabara ya pembeni yake inaitwa Yide, wanauza samaki wakavu kwa jumla, kamba, ngisi, magunia kwa magunia, aisee ile harufu nilijiona nipo mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza. Jioni panda boti ya mto Pearl, mnara wa Guangzhou wa mita 600, Canton Tower, unauona vizuri zaidi ukiwa majini kuliko kulipa kuupanda.

Ukipata siku tatu nenda Xi'an. Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou ni masaa kama nane. Hapa ndipo walipo wale askari wa udongo, waligunduliwa 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima, walizikwa wamlinde mfalme Qin Shi Huang aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Kiingilio yuan 120, wapo Lintong nje ya mji, na wale wanaokuita kwenye stesheni wakupeleke wao usiwafuate. Wengi wanapiga picha shimo namba 1 wanaondoka. Usiondoke. Ingia shimo namba 2 utafute askari aliyepiga goti ndani ya kioo, zunguka nyuma yake uinamie soli ya kiatu. Mishono ipo! Mbele na kisigino imebanana, katikati imeachana, ili kiatu kishike chini, mimi nauza viatu miaka yote hii na soli ya namna hiyo nawasifia wateja kila siku, kumbe kuna fundi aliichonga kwenye udongo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, sehemu ambayo hakuna mtu angeiona. Machozi yalinilenga.

Jioni kodi baiskeli juu ya ukuta wa mji, mzunguko wake ni kama kilomita 14, ukishuka kula mtaa wa Waislamu, nyama ya kondoo na mkate, tumbo la Msukuma haligomi.

Beijing kosa langu lisiwe lako. Nilienda kasri la wafalme, ile Forbidden City, bila kubuku, nikarudishwa getini nikabaki kuzunguka ukuta wa nje. Tiketi unabuku mtandaoni ndani ya siku 7 kabla, na Jumatatu wanafunga isipokuwa ikiwa sikukuu. Unaingia geti la kusini unatokea kaskazini, ukitoka vuka barabara upande kilima cha Jingshan, kasri lote linakuwa chini yako, mapaa ya njano mpaka macho yanachoka. Ukuta Mkuu nenda Mutianyu, una gari la kamba kwa wasioweza ngazi. Shanghai mimi nilipita tu, usiku ule wa Bund, barabara ya kando ya mto, ni mzuri.

Kwepa tarehe 1 mpaka 7 Oktoba na mwaka mpya wa Kichina, China nzima inasafiri, treni zinajaa na viwanda vimefungwa. Novemba mimi ndio napenda, ila Beijing beba koti zito, ile baridi siyo ya upepo wa ziwa.