SOMO: Uzamili unaovuka fani, kuanzia maombi hadi kuingia kijijini

Wiki hii nimejibu watu wanne swali lilelile: uzamili unaounganisha fani zaidi ya moja unaanzaje? Jibu naliweka hapa kwa ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotaka kusoma maendeleo, jinsia au mazingira na jamii.

1. Hakikisha kozi inatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania).

2. Skani vyeti vyote.

3. Anza na tatizo, fani zitafuata. "Parachichi Rungwe" si swali. "Nani ndani ya nyumba anaamua migomba ing'olewe ipandwe parachichi, na hela anashika nani?" Hilo ni swali, na uchumi peke yake hauliwezi.

4. Pata wasimamizi wawili wa fani tofauti. Wakutane kabla hujaandika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti.

5. Maneno. Hapa someni taratibu. Niliingia kijiji kimoja Rungwe na madodoso 80 na wasaidizi wawili. Dodoso liliuliza mapato ya "kaya". Msaidizi mmoja alihesabu kwa baba, mwingine kwa jiko. Mzee mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake na migomba yake, kwa huyu alikuwa kaya moja, kwa yule kaya mbili. Niligundua nikiwa Mbeya, usiku, naingiza data. Nikarudia kazi yote, wiki tatu, kwenye mvua na matope. Sensa huangalia wanaoishi na kula pamoja. Ukoo una hesabu yake. Andika maana utakayotumia, wasimamizi wote wawili waipitishe, kisha ijaribu kwenye nyumba tano. USISEME "wasaidizi wataelewa tu". Hawataelewa, na kosa si lao.

6. Ruhusa ya kufanya utafiti: barua ya chuo, kisha mkoa, wilaya, kata, kijiji. Usiruke ngazi. Ukigusa afya, kuna kibali cha NIMR pia (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu).

MASWALI

– Mkuu nitumie andiko lako nibadilishe wilaya tu.
Hapana. Rudi hatua ya 3.

– Ada shilingi ngapi?
Chuo gani? Kozi gani?

– Kwa hiyo madodoso hayafai? Watu wa takwimu mnatuonea.
Sijaandika hivyo popote. Nilirudi na madodoso yaleyale, neno moja likiwa limefafanuliwa.

– Shikamoo dada. Nafundisha sekondari Mafinga. Natamani kuandika kuhusu wanawake vibarua wa chai Mufindi, ila historia sikusoma chuoni. Nitaweza?
Marahaba mdogo wangu. Utaweza. Msome Marjorie Mbilinyi, aliyeandika kuhusu wake waliotoroka waume zao Rungwe kati ya 1919 na 1961. Uone ndoa na kazi ya kulazimishwa zinavyosomwa pamoja. Kisha shinda na kibarua mmoja siku nzima: anaamka saa ngapi, mtoto anabaki na nani, malipo yanaingia kwenye simu ya nani. Andika ukurasa mmoja unitumie, nitausoma wote.

– Nyongeza: mkalimani asiwe mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Watu wananyamaza.
Kweli kabisa. Na mahojiano ya Kinyakyusa yatafsiriwe usiku uleule, mkalimani akiwa bado anakumbuka mzee alicheka wapi na wapi alinyamaza.