Kuajiri dada wa kazi Kampala ukiwa mgeni: hatua ninazofuata

Nyumbani Tanga sikuwahi kumsaili dada wa kazi. Mama alikuwa akipiga simu Lushoto, wiki ijayo binti anashuka basi na begi lake, na shangazi yake tunamjua kwa jina. Binti akikorofisha, shangazi anapigiwa. Sisi tukimkorofisha, shangazi anakuja mwenyewe. Nilipohamia Kampala na mtoto wa miezi minne mgongoni ndipo nilipogundua kwamba mambo yote yalikuwa yakishikiliwa na yule shangazi, na huku hayupo.

Huu ni mwaka wa tisa. Nimeajiri wanne, mmoja alidumu siku kumi na moja, mmoja miaka minne. Hizi ndizo hatua ninazozifuata sasa, na karibu zote ni njia za kumtafuta shangazi mahali ambapo huna ukoo.

Hatua ya 1: Iandike siku nzima

Watu huanza na sifa: mwaminifu, msafi, anayependa watoto. Kila mtu ana hizo siku ya kwanza. Chukua karatasi uandike siku yenyewe, saa kwa saa, tangu chai ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka vyombo vya usiku. Andika nguo zinazofuliwa kwa mikono, pasi, kudeki, uji wa mtoto, usingizi wa mtoto, mkubwa kupokelewa kwenye basi la shule, chakula cha jioni.

Mimi nilipoandika niliona kazi za watu wawili. Binti mwenye mikono kwenye beseni la mashuka hawezi kumwangalia mtoto anayetambaa kuelekea ngazi. Tangu hapo, mtoto akiwa chini ya mwaka mmoja namwajiri yaya wa kulala nyumbani, na mama mwingine anakuja kufua Jumanne na Ijumaa kisha anaenda zake. Kama mfuko unaruhusu mtu mmoja tu, basi punguza kazi: vumbi libaki, mtoto asibaki peke yake.

Hatua ya 2: Anza na askari wa geti

Askari wa fleti yenu anajua nani anahama na dada yupi anabaki bila kazi. Mwenye duka la jirani anajua zaidi, kwa sababu anajua dada yupi ni mwaminifu kwa chenji. Kisha msikitini au kanisani, kisha wageni wenzako kazini wanaomaliza mikataba yao na kurudi kwao. Dada aliyeachwa na familia inayohama ndiye bora kuliko wote, maana mwajiri wake yupo, unaweza kumuuliza ana kwa ana, na hana sababu ya kukudanganya ili ajiondolee mzigo.

Mawakala wapo. Nilimlipa mmoja shilingi 100,000 za Uganda, akaniahidi kwamba binti akiondoka ndani ya miezi mitatu ataniletea mwingine bure. Binti akaondoka siku ya kumi na moja. Simu ya wakala ikawa haipatikani, na nilipokwenda ofisini nikakuta saluni. Ukipita kwa wakala, mpe hela baada ya mwezi wa kwanza, na kama hataki, achana naye.

Jambo la kulikwepa kabisa ni mtu anayekuambia "nitakuletea mtoto kutoka kijijini." Huyo mara nyingi ni mtoto kweli. Uganda ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2009, na mgeni akikutwa na msichana wa miaka kumi na nne jikoni hatakuwa na la kueleza. Mimi sichukui mtu wa chini ya miaka 18.

Hatua ya 3: Usaili wa mara mbili

Mara ya kwanza ni kwa simu, dakika kumi. Mara ya pili nyumbani, asubuhi, na mtoto akiwa macho. Umlipe nauli ya bodaboda hata kama hutamchukua.

Maswali yangu ni machache. Mtoto akikuchemkia homa saa tisa mchana, unafanya nini kwanza? (Jibu ninalolitaka ni "nakupigia". Huku malaria ipo mwaka mzima, sitaki mtu wa kusubiri jioni.) Kwa nini uliondoka ulikokuwa? Nani nyumbani kwenu anategemea mshahara wako? Hilo la mwisho si la umbea. Mwenye mtoto wake kijijini ataomba ruhusa, ataomba hela mapema, na ni haki yake. Mimi nataka kujua leo ili nisishangae kesho.

Halafu nanyamaza, namwachia mtoto nusu saa, nakaa naandika vitu vyangu pembeni. Dada yule wa miaka minne alipoingia alipiga magoti mlangoni kunisalimia, kama ilivyo heshima ya Kiganda, nami mtoto wa Tanga nikaruka kumwinua, nusura tugongane vichwa. Lakini akiwa bado chini pale magotini, macho yakiwa sawa na ya mtoto, akaanza kuzungumza naye. Mtoto akamshika pua. Sikuuliza mengi baada ya hapo.

Kuhusu lugha: usidhani Kiswahili chako kitakufikisha. Ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na mwaka 2022 serikali iliikubali pia kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Kampala ni mji wa Kiganda, na wazee wengi bado wanakihusisha Kiswahili na wanajeshi. Watu wa upande wa Arua na Koboko, kaskazini magharibi, wanakijua vizuri. Dada wangu alitoka Masaka, kwenye Kiganda, kwa hiyo tulifundishana. Siku moja nikampigia nikiwa kazini, "Mtoto kafumba macho?" Kimya. Kisha kwa hofu: "Maama, nifumbe nini?" Kwa Kiganda kufumba ni kupika. Andika orodha ya maneno ishirini mkae nayo jikoni.

Hatua ya 4: Mtafute shangazi

Hapa usione haya, na usifanye haraka. Ninataka vitu vinne kabla begi halijaingia ndani.

Kwanza kitambulisho cha taifa, kile wanachokiita ndagamuntu, kinachotolewa na NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho. Kipige picha, usikichukue. Kumfungia mtu kitambulisho chake ni kumfunga yeye. Soma tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu kadi hutolewa kuanzia miaka 16, kwa hiyo kuwa nayo si ushahidi wa miaka 18.

Pili, barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kijiji au mtaa anakotoka. LC1 ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa hapa, na mwenyekiti wake anajua nani ni mtoto wa nani. Barua yenye muhuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpigia simu. Wenyeviti huongea sana, waache waongee. Mmoja aliniambia habari za mavuno ya kahawa dakika saba nzima, na katikati akasema "huyo binti ndiye aliyemuuguza bibi yake mpaka mwisho." Barua haikuwa na neno hilo.

Na umpeleke dada kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wako pia, amwandike kwenye kitabu chake. Inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe: kuna mtu wa tatu anayejua kwamba yupo humo ndani.

Tatu, wadhamini wawili, mmoja awe ndugu. Nne, jaribio la simu. Mtumie shilingi 1,000 kwa namba yake na kwa namba ya kila mdhamini. Kabla ya kuthibitisha, jina lililosajiliwa linatokea kwenye kioo. Jina likitofautiana, usimhukumu, uliza. Wa kwangu lilikuja jina la mwanamume, kumbe laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake kwa kuwa cha kwake kilikuwa kimepotea. Kaka akawa mdhamini wa tatu.

Hatua ya 5: Afya, kwa adabu

Gharama ni yako, kliniki achague yeye, majibu ni yake. Mimi naomba kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, tena kwa ridhaa yake. Suala la VVU usiliguse: Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Mkataba wa kurasa mbili

Kima cha chini cha mshahara kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango cha 1984 ambacho hakijabadilishwa. Usicheke, na usikitumie. Uliza majirani zako watatu wanalipa nini, ongeza kidogo juu ya kile kikubwa. Mimi nilianza na 250,000, chakula na kulala kwa gharama yangu.

Mkataba wangu una yanayotakiwa na sheria ile ya 2006: saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, mwezi mmoja wa mshahara kamili akiugua. Notisi ni wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita, na mwezi mmoja akishafika mwaka. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwako, na tangu marekebisho ya 2022 kuwa na mfanyakazi mmoja tu si kisingizio tena cha kutochangia. Wageni wengi huruka kipengele hiki. Mkatie toka mwezi wa kwanza, usije ukadaiwa limbikizo.

Usimpe kalamu asaini palepale. Mtu mwingine amsomee kwa lugha yake, si wewe. Sisi alisoma mke wa mchungaji wao, na akarudi na swali ambalo sikuwa nimelifikiria: akiamka usiku kwa ajili ya mtoto, asubuhi anaanza saa ngapi? Tukaandika: akiamka zaidi ya mara moja, anaanza saa mbili.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza uwe nyumbani

Chukua likizo. Usimkabidhi nyumba Jumatatu ukakimbilia kazini.

Anza na moto. Wengi wamekulia kwenye mkaa au kuni, na jiko la gesi hulijui mpaka uonyeshwe. Siku ya tatu gesi yetu iliisha, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Dada, kwa bidii zake zote, akawasha sigiri, jiko la mkaa, barazani na mkaa ulipokolea akaiingiza ndani ya korido, nje ya chumba cha mtoto, kwamba mtoto apate na joto. Nilitoka bafuni nikaiona inang'aa nyekundu, nzuri kabisa, bila moshi hata kidogo. Ndiyo hatari yake: hewa ya mkaa inaua bila harufu. Tukaitoa, tukafungua kila dirisha, tukakaa kwenye mvua ya barazani wote watatu. Sikumgombeza. Sikuwa nimemwambia.

Baada ya moto, mwonyeshe mita ya umeme na namna ya kuingiza namba za luku, ambayo huku inaitwa Yaka, kisha mtungi wa gesi, kisha dawa zinakofungiwa. Chakula muelewane mapema: ugali wao ni posho, ndizi ni matooke, na mtu aliyezoea matooke akilishwa wali siku saba atakuambia hajala wiki nzima. (Nazi hapa ni bei ya dhahabu. Nimeshasahau ladha ya mchicha wa nazi.)

Kamera ukiweka, mwambie ziko wapi, na isiwepo chumbani kwake wala bafuni. Najua kwa nini watu wanaziweka. Mwaka 2014 video ya mfanyakazi wa ndani akimpiga na kumkanyaga mtoto hapa Kampala ilizunguka dunia nzima, na baba aliipata kwa kamera ya siri baada ya kuona alama mwilini mwa mwanawe. Mimi ninayo moja sebuleni, inayoonekana. Ila kila jioni ninapomwogesha mtoto mwenyewe ndipo ninapotazama kweli.

Hatua ya 8: Mshahara na Desemba

Lipa tarehe ileile, kwa simu, pamoja na ada ya kutolea. Usikubali kumtunzia hela zake hata akikuomba, mfungulie akaunti. Akitaka hela mapema, mpe, andikeni kwenye daftari, saini yake na yako.

Desemba Kampala inahama kwenda vijijini, na madada wengi hawarudi Januari. Nusu ya tatizo ni waajiri wanaoshikilia mshahara ili arudi. Lipa wote kabla hajapanda basi, mpe na kilo mbili za sukari za kupeleka kwao, na umpigie tarehe 28 kumuuliza, "Nauli ya kurudi nikutumie lini?"

Hatua ya 9: Akiondoka, wewe uwe shangazi

Hesabuni siku za likizo alizobakiza, uzilipe. Mwandikie barua yenye tarehe, kazi alizofanya, na namba yako utakayokuwa nayo hata ukihama nchi. Dada wa Masaka alipoondoka kwenda kuolewa kisha akarudi kutafuta kazi, nilipigiwa na mama mmoja wa Kinyarwanda anayeishi Najjera. Akauliza, "Unamjua huyu?" Nikavuta kiti nikakaa, nikamwambia namjua tangu mwanangu hajaota meno, na kama ana korido na sigiri nina kitu cha kumweleza kwanza.