Somo: Kuchagua gari la mkataba lisilokula mafuta, haibridi au petroli, kwa barabara za Mwanza

Gari la mkataba lina malipo mawili ya kila siku: hesabu ya tajiri, yaani pesa unayompa mwenye gari, na pesa ya sheli. Wengi hubishania ya kwanza mpaka jasho likawatoka, ya pili wanakuja kuikuta barabarani. Somo hili linayaweka yote mawili kwenye karatasi moja kabla hujasaini. Linamfaa anayechukua gari kwa hesabu mpaka liwe lake, na anayekodi kwa mwezi kwa kazi ya ofisi au familia.

Hatua ya 1: Jua kilomita zako, na zinaishia wapi

Chukua wiki moja ya kawaida uandike kilomita za kila siku, kisha uzigawe: ngapi ni za foleni na ngapi ni za barabara iliyonyooka. Mgawanyo huu una uzito kuliko jina la gari. Haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, inaokoa mafuta pale unaposimama na kuondoka mara kwa mara: Mkuyuni jioni, Igogo, Mabatini, kuingia mjini kutoka Kirumba. Gari likisimama injini inazima, na kwenye Toyota Prius na Aqua kiyoyozi kinaendelea kwa umeme wa betri kubwa. Ukikanyaga breki, sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Lakini ukitoka Igoma kwenda Magu kwa mwendo wa 90, injini inafanya kazi karibu muda wote, na tofauti na gari zuri la petroli inapungua sana.

Hatua ya 2: Pima ulaji wa mafuta mwenyewe

Brosha ya Japani ya Aqua ya mwanzo iliandika kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha maabara cha Japani kiitwacho JC08. Kwa namba hiyo utajidanganya. Vipimo vya Marekani, ambavyo viko karibu zaidi na matumizi ya kawaida, vinaipa Prius ya 2010 hadi 2015 kama kilomita 21 kwa lita.

Namna ya kupima: jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Sogeza kipimo cha safari kwenye sifuri. Endesha angalau kilomita 200 kwenye njia zako za kila siku, ukiwa na abiria wako wa kawaida na kiyoyozi kama unavyokitumia. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka ikate. Kama umetembea kilomita 214 na zimeingia lita 10.7, gari linakwenda kilomita 20 kwa lita. Namba ya dashibodi haitoshi, mara nyingi inalipendelea gari.

Kabla ya kupima, jaza upepo kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema. Tairi laini huharibu kipimo chote, nawe utalilaumu gari bure.

Tajiri asipokubali jaribio la kilomita 200, omba siku moja ya kulilipia hesabu. Akikataa na hilo, tafuta gari jingine.

Hatua ya 3: Jumlisha hesabu na mafuta

Tuchukulie lita ni Sh 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bei kikomo ya Mwanza utaiona kwenye tangazo la kila mwezi la EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Dereva wa teksi anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Toyota IST ya petroli inayokwenda kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 10, yaani Sh 30,000. Aqua ya kilomita 20 kwa lita itakunywa lita 6, Sh 18,000. Tofauti ni Sh 12,000 kwa siku, Sh 312,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo penye uamuzi. Tajiri wa Aqua akitaka hesabu iliyozidi ya IST kwa Sh 8,000, bado Sh 4,000 ni yako. Akitaka Sh 12,000 zaidi, faida yote ya haibridi umempa yeye, wewe umebaki na hatari ya betri. Kwenye hizo zinazobaki, tenga walau Sh 2,000 kila siku kwa ajili ya betri na mfumo wa breki. Ikiwa hazitengeki, mkataba huo haukufai.

Mtu wa kilomita 30 kwa siku anaokoa lita moja tu, Sh 3,000. Kwa huyo petroli inatosha, tena bila wasiwasi.

Jambo jingine la kujumlisha ni mkataba mzima. Hesabu ya Sh 30,000, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 104, ni Sh 18,720,000. Linganisha na bei ya gari hilo hilo kwa fedha taslimu, kisha ndipo ujadiliane.

Hatua ya 4: Magari yenyewe

Upande wa petroli, Toyota IST yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5 haina kitu cha kumshangaza fundi, na spea ziko kila mahali. Ipo pia ya lita 1.3. Passo za lita 1.0, na Vitz za lita 1.0 za kuanzia 2005, zina silinda tatu. Zinakula kidogo mjini zikiwa na watu wawili, lakini ukipakia wanne ukapanda Bugando unakanyaga mpaka chini, na akiba inayeyuka.

Upande wa haibridi, Aqua ndiyo ya kwanza kuitazama: injini ya lita 1.5, tanki la lita 36, betri ya volti 144. Prius ya kuanzia 2009 ina nafasi kubwa na injini ya lita 1.8, ila ina ugonjwa wake, nitaueleza hapa chini. Zote mbili ziko chini, kama milimita 140 kutoka ardhini zikiwa tupu, kwa hiyo anayeishi mlimani kwenye barabara ya mawe yenye makorongo apande nayo nyumbani kwanza, akiwa amepakia.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa haibridi

Nenda asubuhi gari likiwa limelala bila kuwashwa, na umwambie tajiri mapema asiliwashe. Ukibonyeza kuwasha, taa ya READY iwake bila taa nyingine ya onyo kubaki.

Kwenye Prius, sikiliza injini inapojiwasha mara ya kwanza. Ikitetemeka kwa nguvu sekunde chache kama inayogonga, halafu ikatulia, usidanganywe kwamba ni baridi. Mara nyingi maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda usiku kwa sababu gasketi ya hedi imeanza kuachia. Chanzo kinachojulikana ni mfumo wa EGR, unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kuziba kwa masizi. Tazama kopo la maji: yakiwa chini ya alama ya chini, au yamejazwa maji ya bomba badala ya kulanti ya pinki (maji maalumu ya kupozea), achana nalo. Kumbuka inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota, ina kopo lake tofauti la kulanti, nalo likaguliwe.

Breki: gari likiwa READY, kanyaga breki taratibu na kuachia, utasikia pampu ikivuma kwa muda mfupi. Hiyo ni kawaida. Ikivuma tena na tena kila baada ya sekunde chache wakati umesimama tu, presha inavuja ndani, na kifaa hicho ni ghali.

Betri kubwa: panda nayo mlima mrefu, Isamilo inatosha, kisha ushuke. Geji ipande na kushuka taratibu. Ikiruka kutoka alama mbili hadi karibu kujaa ndani ya dakika moja, betri imechoka. Halafu fundi umeme aunganishe mashine asome volti za vikundi vya betri. Prius ina vikundi 14. Gari likiwa limetulia vikaribiane sana. Ukikanyaga mafuta, kikundi kimoja kikishuka volti moja au zaidi kuliko wenzake, hapo pana ugonjwa. Namba ya kosa P0A80 ikitokea kwenye mashine, maana yake kompyuta yenyewe imeshaikataa betri.

Mwulize fundi pia kama mashine inaonyesha vipimo vya ndani, ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe, vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, yawezekana mtu amefuta namba za makosa asubuhi hiyo hiyo.

Mwisho, inama utafute tundu la hewa la kupozea betri, liko kwenye eneo la kiti cha nyuma. Vumbi la Buswelu na Kishiri linajaa humo, feni inashindwa, betri inachemka. Abiria akiweka begi mbele yake, matokeo ni yale yale.

Hatua ya 6: Maandishi

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uwe na haya: hesabu inasimama gari likiwa gereji kwa ubovu usiotokana na dereva, nani analipa betri kubwa, inveta na breki, nani analipa tairi, bima ni ya biashara ya kubeba abiria kama ndiyo kazi yake, leseni ya usafirishaji ya LATRA iko kwa jina la nani, siku ya kumaliza, kadi inabadilishwa jina TRA kwa gharama ya nani. Kagua bima na madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata shilingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Igoma: Mkuu, Aqua na abiria wanne inapanda Bugando kweli? Na ile B ya kwenye gia niitumie lini?

Jibu: Inapanda. Injini na mota kwa pamoja zinatoa farasi 100. Betri ikishuka katikati ya mlima utasikia injini ikinguruma zaidi, si ubovu. B ni ya kushuka mteremko mrefu na mkali tu, kwa sababu inatumia injini kuzuia gari. Ukitembea nayo muda wote unapoteza umeme ambao ungerudi kwenye betri.

Swali, Buswelu: Mimi ni mwalimu, naenda mjini na kurudi, Jumapili kanisani. Passo au Aqua, ya kukodi kwa mwezi?

Jibu: Passo, dada. Kilomita zako haziwezi kulipa tofauti ya kodi. Kagua mauntingi za injini (mipira inayoishikilia injini), maana silinda tatu zinatikisika kidogo kwa asili, na mauntingi zikifa mtikisiko unafika kwenye usukani.

Swali, Nyegezi: Tajiri anasema betri ikifa ni juu yangu. Nikubali?

Jibu: Si kwa maneno hayo. Pima volti za vikundi siku ya makabidhiano, karatasi isainiwe na wote wawili. Pendekeza miezi 6 ya kwanza iwe juu yake, baada ya hapo mgawane. Na mwandike kabisa kwamba kubadilisha kipande kimoja cha betri hakuhesabiki kama matengenezo kamili. Vipande vyote vina umri mmoja. Ukiweka kimoja kipya, wenzake wanafuata, na wewe unalala gereji kila baada ya wiki kadhaa.

Nyongeza ya fundi: Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi wa kawaida. Kwenye Prius umeme unapandishwa hadi volti 650. Anayefungua betri azime gari, avae glavu za umeme kwanza, ndipo aondoe plagi ya usalama, na asubiri dakika zilizoelekezwa kabla ya kugusa chochote.

Swali, Sengerema: Nafanya biashara kati ya Sengerema na Mwanza kila siku. Haibridi itanisaidia?

Jibu: Wakati wa foleni ya kivuko ingekusaidia sana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, njia yako ni mwendo mrefu bila kusimama, kwa hiyo akiba imepungua. Pima kwa njia ya hatua ya 2. IST iliyo sawa inaweza kukutosha.

Swali, Kirumba: Nimepewa Honda Fit haibridi ya 2014 kwa hesabu ndogo. Na Nissan Note e-Power nayo vipi?

Jibu: Fit ya mwaka huo ina gia boksi ya klachi mbili, gia saba. Ilirudishwa kiwandani Japani mara kadhaa kwa marekebisho. Haipendi kutambaa kwenye foleni ya mlimani, klachi zinachemka. Ukiichukua, ijaribu saa ya foleni, na ikishtuka inapoondoka iache. Note e-Power ni tofauti: injini ya lita 1.2 inazalisha umeme tu, tairi zinaendeshwa na mota. Mjini ni nzuri. Kabla hujasaini, hakikisha una fundi na una mahali pa kupata spea.

Swali, Mkolani: Nina tabia ya kuweka mafuta ya elfu tano tano. Kuna shida kwenye haibridi?

Jibu: Ipo. Petroli ikiisha kabisa, usiendelee kusukuma gari kwa betri ili ufike sheli. Betri kubwa ikikauka, gari halitawaka hata ukileta dumu la mafuta, kwa sababu hiyo betri ndiyo inayozungusha injini. Taa ya mafuta ikiwaka, nenda sheli.

Swali, Buhongwa: Fundi ananiwekea oili ya 20W-50 kwenye Aqua, anasema injini imezeeka.

Jibu: Hapana. Injini ya Aqua imetengenezewa 0W-20, na ikikosekana 5W-30 inavumilika. Injini hii inazima na kuwaka mara nyingi sana kwa siku. Oili nzito inachelewa kufika juu na inaongeza ulaji wa mafuta. Ni lita 3.7 pamoja na filta. Mwaga ikiwa ya moto, badilisha filta na wosha ya nati ya chini, jaza lita 3.5 kwanza, washa, zima, subiri dakika tano, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka ifike alama ya juu ya kijiti, isipite.